Nililala Katikati ya Kind of Blue, na Sioni Aibu

Niseme mapema mi si mtaalamu. Sijui kusoma nota, sijui kupiga hata filimbi, ni msikilizaji wa kawaida tu wa kuwasha muziki huku anaosha vyombo. Ila kuna kipindi nikajipa kazi ya kusikiliza zile albamu ambazo zikitajwa tu watu wanatikisa kichwa kwa heshima, jazi, roki, rege, rapu, hata piano ya Bach, moja baada ya nyingine, nzima nzima. Nimekosea vya kutosha njiani kwa hiyo kama na wewe unataka kujaribu soma hapa kwanza upunguze kujitesa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenda kama hakimu. Nilianza na Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, ya 1959, kwa sababu kila ninayemuuliza kuhusu jazi ananitajia hiyo hiyo. Nikazima taa, nikavaa hedifoni, nikakaa kusubiri maajabu. Maajabu hayakuja, ukaja usingizi. Albamu ina vipande vitano tu, dakika kama 45, na mi cha tatu sikukimaliza. Siku ya pili nikarudia nikiwa nimekaza macho kama mtu aliye kwenye mtihani, ndo ikawa mbaya zaidi, yaani kila dakika najiuliza haya, ukubwa wake uko wapi hapa? Na ukishaanza kujiuliza hivyo muziki huusikii tena, unasikia swali lako tu.

Kilichonitoa ni bahati. Niliiweka siku nyingine huku nakunja nguo, sina hata habari nayo, mara nikajikuta nafuata besi ya Paul Chambers kwenye So What, kipande cha kwanza. Pale besi ndo inayosema, wenzake wanaitikia kwa sauti mbili fupi, inasema tena, wanaitikia tena. Nikaacha kukunja nguo. Tangu siku hiyo, hiyo ndo mbinu yangu na ndo ushauri wangu mkubwa kuliko yote humu: chagua chombo kimoja, kifuate mwanzo mpaka mwisho, vingine viache vipite. Ukirudia chagua kingine. Nilipofika kwenye zile saksafoni mbili, ya John Coltrane na ya Cannonball Adderley, nilikuwa nawatofautisha bila kufundishwa na mtu, mmoja kama anachimba kisima mwingine kama anacheka. Na ule usingizi nikauelewa baadaye, Miles aliwapa wenzake skeli chache tu (yaani ngazi za sauti) za kuchezea badala ya msururu wa kodi zinazobadilika kila mara (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, si kodi zile za serikali), ndo maana kuna nafasi kubwa sana mle ndani. Ukiingia na papara unaona patupu.

Jambo jingine dogo lakini litakuokoa, hakikisha simu yako haijawekwa kuchanganya nyimbo. Unacheka, ila mi What's Going On ya Marvin Gaye niliisikiliza wiki nzima ikiwa imechanganywa na nikawa nawaambia watu albamu haijakatwa vizuri, nyimbo zinaisha ghafla kama zimechinjwa. Kumbe ile albamu, ya 1971, imetengenezwa nyimbo ziingiane, mmoja unafia ndani ya mwingine, wa pili ni wa mtu aliyerudi kutoka vita vya Vietnam anaulizia habari za nyumbani, baadaye Marvin anageukia watoto, mazingira, pesa, na ukikaribia mwisho kabisa ule wito kwa mama wa kwenye wimbo wa kwanza unarudi. Nilipoisikiliza kwa mpangilio wake ilichukua kama dakika 35 tu na nililia kidogo. Kidogo tu.

Halafu usiwaruke wale unaodhani unawajua. Bob Marley nilidhani namjua, si nimekua nikimsikia. Nikaiweka Exodus ya 1977. Wimbo wa kwanza, Natural Mystic, unaanza chini sana unapanda taratibu, nikaongeza sauti nikidhani spika ina shida, nikajuta. Upande wa kwanza wa santuri ile hauna mapenzi hata kidogo, ni dhamira, hukumu, watu kuhama, zile nyimbo tamu zote tunazozijua kama Jamming na Three Little Birds ziko upande wa pili. Sasa kumbuka alikuwa amepigwa risasi nyumbani kwake Kingston mwezi Desemba 1976, albamu wakairekodi London. Nilikuwa naisikia Three Little Birds kama wimbo wa watoto, lakini ukiifikia baada ya kupita upande ule wa kwanza, halafu ni mtu aliyenusurika risasi juzi tu ndo anakwambia usiwe na wasiwasi, aisee unakaa chini.

Najua hapo nimekumwagia historia, samahani, kwa sababu ushauri unaofuata ni usisome historia ya albamu kabla ya kuisikiliza. Hili nililipia kwenye The Köln Concert, tamasha la mpiga piano Keith Jarrett. Hadithi yake nilikuwa nimeisoma zaidi ya mara tatu, kwamba tarehe 24 Januari 1975 alikuta jukwaani piano siyo aliyoomba, ndogo, mbovu, noti za juu zinalia vibaya, karibu akatae kupiga, kisha akapiga zaidi ya saa nzima akitunga papo hapo. Hadithi tamu kweli. Matokeo yake nilikaa saa nzima nawinda ubovu wa piano, hapa imekwaruza, hapa si ndo pale wanaposema, muziki wenyewe ukanipita pembeni. Nimeirudia mara nyingi na bado sikio linawinda. Sikiliza mara mbili kavu kavu, ndo usome.

Zombie ya Fela Kuti, hii ivalie viatu. Utasubiri dakika kadhaa kabla hajaimba neno, ukiwa umekaa utachoka, ukiwa unatembea hutaki aanze. Illmatic ya Nas nilikosea kuisikiliza huku nasoma maneno kwenye skrini, ikawa somo la lugha, na kwa spidi ile nilikuwa nyuma mistari miwili muda wote. Nikaacha maneno, nikasikiliza tu anavyokaa kwenye biti, wapi anavuta pumzi, wapi anaachia neno lidondoke limechelewa, maneno nikayasoma baadaye. Alikuwa na miaka 20 ilipotoka 1994, mi nikiwa na 20 sikuweza kumaliza hata barua. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd niliipenda mara ya kwanza tu, sina la kushauri, washa.

Na zipo zitakazokushinda, usijifanye. Trout Mask Replica ya Captain Beefheart, 1969, vipande 28, nimeianza mara tatu. Kila chombo kama kiko chumba chake na mlango umefungwa. Wapo wanaoiabudu, na mi nawaamini kabisa kwamba wanasikia kitu, ila mimi sikisikii, basi. Kabla sijajifunza kusema hivyo niliwahi kumwambia mtu kwamba naipenda, akaniuliza kipande gani, ilikuwa dakika ndefu sana ile.

Ya mwisho niliyoikalia ni Goldberg Variations za Bach, anazipiga mpiga piano Glenn Gould. Alizirekodi 1955 akiwa kijana, anakimbia, dakika kama 38, akazirekodi tena 1981, dakika kama 51, na ule wimbo wa kufungulia anaupiga taratibu mpaka unahisi ameusahau. Zisikilize zote mbili siku moja, ni elimu tosha. Ila usishtuke. Mara ya kwanza nilisikia mtu anaguna guna nyuma ya piano, nikavua hedifoni, nikaangalia mlangoni, hakuna mtu, nikavaa, bado anaguna. Ni Gould mwenyewe, alikuwa anaimba chini chini huku anapiga na hakuweza kuacha. Ilinikera siku nzima. Siku hizi nikiwasikiliza wapiga piano wengine kwenye kazi hiyo hiyo, wanapiga vizuri tu, safi, na mi nakaa nasubiri mtu agune.