Filamu za kutisha kidogo: wazazi wanauliza

Binti yangu ana miaka 11. Wenzake shuleni wanasimuliana filamu za kutisha, naye anataka kuona. Nianze na ipi?

Anza na ile ambayo watoto wenyewe wanapambana na kinachotisha, na wanakishinda. Umri huo anastahimili zimwi na mizimu vizuri tu, mradi aone kuna pa kutokea. Monster House (2006) inafaa: watoto watatu, nyumba inayomeza watu, na vichekesho vya kumshusha pumzi. Zinazomkaa mtoto kichwani ni zile zinazofanana na maisha: mtu mzima anayeteka watoto, kisu, mzazi anayeuawa. Hizo zisubiri.

Nikiona alama ya PG, daraja la Marekani la filamu zinazohitaji mwongozo wa mzazi, si ndiyo salama?

Tazama mwaka kwanza, maana hapo ndipo wazazi wengi hunaswa. Marekani haikuwa na daraja la PG-13, linaloonya kuwa filamu huenda haiwafai walio chini ya miaka 13, hadi 1984. Kabla ya hapo, filamu isiyostahili R ya watu wazima iliangukia PG, hata iwe inatisha vipi. Ndiyo maana Jaws ya 1975 ni PG, na Poltergeist ya 1982 vilevile, ambayo ndani yake mwanamume anajiona kwenye kioo akijinyofoa nyama za uso. Eti PG! Wazazi walipokuja juu kuhusu Gremlins na filamu ya Indiana Jones ya mwaka 1984, ndipo daraja jipya likaanzishwa. Hata leo PG inakutaka wewe mzazi uamue. Haikwambii umwachie mtoto rimoti uende zako jikoni.

Katuni je? Hizo hazina shida.

Zinazo. Coraline (2009) imetengenezwa kwa wanasesere na ni PG, lakini wapo wa miaka 12 wanaoikimbia. Msichana anakuta mama wa pili, mkarimu kuliko wake, mwenye vifungo vya nguo mahali pa macho, anayetaka kumshonea na yeye. Hakuna damu, ila mtoto anaguswa pale pale anapotegemea usalama. Itazame wewe kwanza.

Katikati ya filamu mwanangu anaziba masikio. Nizime?

Punguza sauti kwanza. Hofu nyingi hutengenezwa na muziki: unapanda, unakatika, kimya, halafu kishindo. Ukiuondoa, kinachobaki mara nyingi ni mlango unaofunguka. Washa na taa. Akisema basi, iwe basi, na asiitwe mwoga. Mimi humhofia zaidi yule asiyesema kitu, aliyeganda, mkono umesahaulika kwenye bakuli la bisi. Huyo simamisha filamu umuulize anadhani nini kitafuata.

Mdogo wake wa miaka 6 akae nao?

Hapana. Kujifunika shuka hakumsaidii, anasikia kila kitu.

Filamu iliisha vizuri, ila sasa haendi chooni usiku peke yake.

Msindikize, usimcheke. Kwa kawaida hupita baada ya siku chache. Mchana mtafutieni video inayoonyesha filamu ilivyotengenezwa: wale wanasesere wa Coraline walisogezwa kidogo kidogo kwa mikono na kupigwa picha moja moja. Zimwi likishaonekana limeshikwa na fundi mwenye miwani, linapungua ukali. Na kaka zake wakanye mapema, maana wao ndio watakaojificha nyuma ya mlango.