Kumchukua paka mzee asiyeona

Ndugu yangu, umeuliza kama ni busara kumchukua kutoka kituo cha wanyama paka wa miaka 12, kipofu na mwenye figo dhaifu, ilhali hapo kwako Kizota hujawahi kufuga. Mchukue, mradi una hakika ya kuwapo nyumbani kila siku.

Upofu usikutishe. Wangu, niliyempokea macho yake yakiwa meupe kama maziwa, alijifunza chumba kwa kupapasa ukuta kwa masharubu, na siku ya tatu aliifikia sahani yake bila kugonga hata mguu wa meza. Ila usihamishe samani ovyo.

Kazi iko kwenye figo. Paka wa namna hiyo hupoteza maji mengi kwa mkojo, na kiangazi chetu cha Dodoma, chenye upepo mkavu, humkausha upesi, kwa hiyo weka bakuli la maji katika kila chumba, mlowanishie chakula na umpime uzito kila wiki. Kiombe kituo majibu ya vipimo vya damu, uyapeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujakubali. Na tafadhali, usimpe parasetamoli kamwe, kwa kuwa kidonge kimoja tu chaweza kumuua.