Jibu: Siku tatu Lushoto na watoto wa miaka 7 na 10

Ndugu, umeuliza kama siku tatu Lushoto, mji wa milima ya Usambara mkoani Tanga, zinatosha kwa matembezi na utamaduni wa Wasambaa, wenyeji wa huko. Zinatosha, ila siku ya kwanza ihesabu ya safari tu. Kutoka Mombo, mji ulio chini ya milima, hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, kona juu ya kona, na hapo ndipo watoto hutapika. Wape chakula chepesi mapema, wakae viti vya mbele, mifuko iwe karibu.

Siku ya pili nendeni Irente, mwamba wa kutazamia bonde, kwa miguu, kilomita tano hivi kwenda. Tokeni saa moja asubuhi kabla jua halijachoma, na mpitie shamba la Irente mnunue jibini na mkate. Pale mwambani mshike mtoto mkono: ukingo unakatika ghafla, na bondeni ni mbali sana.

Siku ya tatu, msitu wa Magamba. Lipeni kiingilio kwanza, mchukue mwongozaji mwenyeji. Njia zinagawanyika na ukungu hushuka haraka. Mwambieni awaonyeshe mbega na vinyonga. Vinyonga msiwashike, wanaumia.

Baadaye awapeleke kwa akina mama wafinyanzi. Bei ya kujifunza kufinyanga mpatane mapema, na picha ombeni ruhusa. Wafundishe watoto "onga makeo", salamu ya asubuhi ya Kisambaa; milango mingi itafunguka.

Epukeni Machi hadi Mei, utelezi ni mkali. Juni hadi Agosti bebeni masweta mazito, usiku kuna baridi kweli.