Kirusi cha tumbaku hujijengaje bila fundi?

SWALI: Mhariri, kwetu Urambo tunalima tumbaku, na batobato la majani tunalijua vizuri. Mwalimu wetu wa kemia alisema kwamba kirusi cha ugonjwa huo kinaweza kutenganishwa vipande, na vipande hivyo vikajiunga vyenyewe ndani ya chupa. Mwalimu huyohuyo alikwisha kutufundisha kwamba vitu vikiachwa huelekea kwenye mvurugiko. Tushike lipi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora)

JIBU: Shikeni yote mawili, kwa kuwa mwalimu wenu hakujipinga.

Jaribio analolisema lilifanywa mwaka 1955 huko Berkeley, Marekani, na Heinz Fraenkel-Conrat pamoja na Robley Williams. Walitenga protini ya kirusi upande mmoja na RNA yake (uzi unaobeba maelekezo ya urithi) upande wa pili, kisha wakavichanganya tena katika maji yenye kiwango cha asidi kinachofaa. Vikatokea vijiti vinavyofanana na vile vya awali, na majani ya tumbaku yaliyopakwa mchanganyiko huo yakaugua. Hapakuwa na kimeng'enya cha kuunganisha wala chembe hai ya kusimamia kazi.

Kijiti kimoja kina urefu wa nanomita 300 na unene wa nanomita 18, kiasi kwamba ukivipanga zaidi ya 3,000 kichwa kwa mkia ndipo utafikisha milimita moja. Kimejengwa kwa protini zipatazo 2,130, zote za aina moja, zilizozunguka RNA kama ngazi ya mnara, kila mzunguko ukichukua protini 16 na theluthi. Kila protini hushika herufi tatu za RNA, yaani viungo vitatu vya uzi huo, na kwa hiyo urefu wa RNA ndio unaoamua kijiti kiishie wapi. Protini zikiwa peke yake katika maji yenye asidi hujenga vijiti pia, ila vya urefu wowote.

Sasa tuingie kwenye hoja yako ya mvurugiko, ambayo naiona ndiyo nzito. Ukizipoza protini hizo hutengana, na ukizipasha joto kidogo huungana, kinyume kabisa na tulivyozoea kuona maji yakiganda kwa baridi. Siri iko kwenye maji. Protini ina sehemu zenye tabia ya mafuta, na molekuli za maji zinazozizunguka hulazimika kujipanga kwa namna iliyobanwa. Sehemu hizo zinapokutana na kufunikana, maji yaliyobanwa huachiliwa yakatawanyika, na mvurugiko unaoongezeka katika maji huzidi mpangilio unaopatikana katika kijiti. Entropia ya jumla, yaani kipimo cha mvurugiko, imepanda, kama kanuni inavyodai; wanafunzi wengi hukwama hapa kwa sababu huhesabu protini na kuyasahau maji. Matone ya mafuta juu ya mchuzi yanapokutana na kuwa tone moja, sababu kubwa ni hiyohiyo.

Neno "kujijenga" nalo lisikupoteze, maana vipande havijui viendako. Joto huvigonganisha ovyo, na mguso mmoja mmoja kati yao ni dhaifu. Kipande kilichokaa vibaya hushikwa na miguso michache, hivyo hubanduka upesi na kurudi majini, wakati kilichokaa sawasawa hushikwa pande nyingi kikabaki. Laiti miguso hiyo ingekuwa na nguvu tangu mwanzo, makosa yangegandia humohumo na badala ya kijiti tungepata bonge.

Kijiti kikishakamilika, miguso hiyo dhaifu kwa wingi wake hukifanya kigumu ajabu: hudumu miaka ndani ya jani lililokaushwa, hata katika sigara. Ndiyo maana wakulima hushauriwa wasivute wala kutafuna tumbaku wakiwa kitaluni, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche.