Kumshonea Mtoto wa Kike Gauni: Anza na Kichwa

Gauni la kwanza nililomshonea mtoto mchanga halikuwahi kuvaliwa likiwa zima. Nililishona kwa kitenge cha njano, nikalitia marinda, kola ya duara na utepe mgongoni, kisha nikampelekea binti wa dada yangu, aliyekuwa na miezi sita, kule Nkuhungu, mtaa wa hapa Dodoma, nikiwa na hakika kwamba sifa zinanisubiri mlangoni. Dada alipojaribu kumvalisha, shingo ya gauni ilikwama juu ya nyusi za mtoto. Alipojaribu kuanzia miguuni, likakwama kwenye nepi. Mtoto alilia mpaka akatokwa na jasho, na mwisho dada akaomba mkasi, akalipasua gauni mgongoni, akalishikiza kwa pini, tukapiga picha. Nilikuwa nimempima kifua, mabega, mkono na urefu. Kichwa sikukigusa.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, hasa mliojifunza kwa kushona sare za shule na magauni ya watu wazima, kwa sababu mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza. Kichwa cha mtu mzima ni kidogo sana kuliko kifua chake, kwa hiyo fundi hana sababu ya kukifikiria. Mtoto mchanga hayuko hivyo. Kwa vipimo vya wastani vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mzunguko wa kichwa wa karibu sentimita 34, akifikisha miezi 6 kinakuwa karibu sentimita 42, na akitimiza mwaka kinakaribia sentimita 45. Kifua chake katika umri huo hakipishani sana na kichwa, ilhali shingo yake ni nyembamba na fupi. Ukichora shingo ya gauni kwa kufuata shingo ya mtoto peke yake, umeshona gauni ambalo haliwezi kupita.

Hesabu yake ni rahisi, na ningependa uifanye kwenye karatasi kabla hujagusa mkasi. Tuseme kichwa ni sentimita 42 na shingo ya gauni uliyoichora ina mzunguko wa sentimita 28 ikiwa imekamilika. Ukiweka mpasuo mgongoni wenye urefu wa sentimita 8, mpasuo huo una kingo mbili, kwa hiyo unaongeza sentimita 16 kwenye njia ya kichwa, na jumla inakuwa 44. Kichwa kitapita, lakini kwa kusukumwa, na mtoto anayesukumwa kichwa hulia. Ukiurefusha mpasuo uwe sentimita 10 unapata 48, na hapo mama anaweza kumvalisha kwa mkono mmoja huku mwingine umemshika mtoto, jambo ambalo ndilo hutokea kila asubuhi. Mimi sishuki chini ya 10 tena.

Mpasuo uwekwe wapi ni suala ambalo halinielemei upande mmoja kila mara. Mgongoni unapendeza na ni rahisi kushona, lakini watoto wetu wanabebwa. Mbeleko hukaza mgongoni mwa mtoto, na kifungo kikubwa kinachobanwa na mbeleko kutoka Majengo mpaka hospitali huacha alama ya duara kwenye ngozi. Kwa mtoto ambaye najua atabebwa sana, ninafungua begani, upande mmoja au pande zote mbili, nikitumia vifungo vyembamba vya bapa. Kwa sababu hiyo hiyo siweki ua wala utepe mnene kifuani, kwa kuwa kifua cha mtoto ndicho kinacholala kwenye mgongo wa mama. Utepe wa kufunga shingoni usiuweke kabisa, hata mteja akiuomba, kwa kuwa kamba shingoni mwa mtoto ni hatari ya kunyonga. Vifungo navyo vishonwe kwa uzi mara mbili na kukazwa kwa fundo upande wa ndani, kisha uvivute kwa nguvu zako zote kabla hujatoa nguo, maana kitakachokatika kitaishia mdomoni.

Kuhusu kitambaa, chagua pamba. Wateja watakuletea neti ngumu na lesi ya kumetameta kwa ajili ya ubatizo au sherehe ya kutimiza mwaka, na si kazi yako kugombana nao. Lakini waambie kwamba lazima kuwe na bitana ya pamba inayofika kwapani na shingoni, na gharama yake uitaje mapema. Kitenge kipya aghalabu huwa na wanga unaokifanya kikae kigumu na kiwe rahisi kukata, na wanaoanza hukipenda kwa sababu hiyo. Kifue kwanza, ukianike, ukipige pasi, ndipo ukate. Pamba isiyofuliwa inaweza kupungua sentimita 3 hadi 5 kwa kila meta, na kwenye gauni lenye urefu wa sentimita 40 upungufu huo unaonekana. Wakati wa kufua, sugua kona ya kitambaa kwa kipande cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi, endelea kukisuuza mpaka kiishe kutoa, au ukiache. Kwa hapa Dodoma ninaongeza kwamba nyeupe tupu ni ya siku moja, kwa jinsi vumbi letu jekundu lilivyo.

Khanga nayo ni laini na inafaa sana, ila ina maandishi. Niliwahi kukata kifua cha gauni kutoka kwenye khanga iliyoandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone" bila kutazama nilipoweka karatasi ya kukatia, na mtoto akatoka na neno "apo" tumboni, kichwa chini miguu juu. Tandaza khanga yote, uamue kwanza maandishi yatakaa wapi au yatabaki nje, kisha utumie pindo lake kwa upindo wa chini wa gauni, mahali ambapo linapendeza bila kuongezwa chochote.

Umbo nalo lisikudanganye. Mtoto mchanga hana kiuno. Tumbo lake ni pana kuliko kifua, na mshono unaowekwa kiunoni hupanda na kujikunja kila akikaa. Kata sehemu ya kifua iwe fupi, iishie sentimita 2 hivi chini ya kwapa, kisha marinda yaanzie hapo. Kwa kifua cha sentimita 43 mimi huongeza 7 za nafasi, nikapata 50, na kwa marinda ninachukua upana mara mbili, yaani sentimita 100. Upana mmoja wa kitenge unatosha, bila kuunga. Ili marinda yalingane, legeza mshono wa cherehani uwe wa hatua ndefu, piga mistari miwili inayofuatana, uvute nyuzi za chini taratibu na kuyasambaza kwa vidole. Mstari mmoja pekee hukatika ukiwa umefika katikati. Anayetumia cherehani ya kukanyaga ana nafuu katika kazi hii, kwa kuwa mguu wake unaweza kwenda hatua moja moja kwenye mkato wa kwapa, ambapo mota ya umeme huwapeleka wanaoanza mbio wasizozitaka.

Nitakaa zaidi kwenye upande wa ndani, kwa kuwa ndiko fundi wa nguo za watoto anakojulikana. Ovaloki, yaani mshono wa mashine unaozungusha nyuzi kwenye ukingo wa kitambaa, ni nzuri kwa sare ya shule, lakini nyuzi zake, hasa zile ngumu, hukwaruza ngozi ya mtoto wa miezi mitatu, na katika kwapa lenye jasho mwezi wa Oktoba na Novemba mkwaruzo huo unakuwa kidonda. Ninashona mara mbili na kuficha kingo: kwanza ninaviweka vipande viwili mgongo kwa mgongo, upande mzuri ukiwa nje, ninashona nusu sentimita kutoka ukingoni, ninapunguza ukingo kwa mkasi ubaki milimita 3, ninageuza, ninapiga pasi, kisha ninashona tena milimita 7 kutoka kwenye mkunjo. Kingo zote zinabaki zimefungiwa ndani kama barua katika bahasha. Hakikisha tu umeacha sentimita 1.2 za mshono ulipokata, la sivyo gauni litakuwa dogo. Shingo na kwapa ninazimalizia kwa ukanda wa pamba uliokatwa mshazari, kwa sababu ukanda ulionyooka hauwezi kufuata duara bila kukunjamana. Ukimaliza, ligeuze gauni nje ndani na ulipitishe kwenye shavu lako, si mkononi. Kiganja cha fundi kimeota sugu na hakisemi kweli.

Kaptula ya kufunika nepi ishone pamoja na gauni, maana vipande vinavyobaki katika meta moja na nusu ya kitenge vinatosha. Mpime mtoto akiwa amevaa nepi, na kama nyumbani wanatumia za kitambaa, uongeze nafasi ya nyuma. Lastiki ya mapajani ipite kidole chako kidogo bila kubana.

Upindo wa chini uwe mpana, sentimita 5 au 6, ushonwe kwa mkono ili ufumuliwe bila kuacha matundu. Mtoto wa kike huongezeka urefu kwa takriban sentimita 8 kati ya mwezi wa 6 na mwaka mmoja, na mama atakayerudi kushushiwa gauni atarudi akiwa na kitambaa kingine pia. Kwa watakaozaliwa karibu na Juni, shona mikono mirefu yenye nafasi ya kuvaa fulana ndani, kwa sababu baridi ya asubuhi na upepo wa Dodoma katika miezi hiyo si vya kuchezea.

La mwisho ni pini. Ninazo 12 kwenye kijimto changu, na kila ninapoanza gauni la mtoto ninazihesabu, nikimaliza ninazihesabu tena, kabla ya pasi ya mwisho. Mara moja, mama akiwa ameshakaa kibarazani na mtoto mapajani, nilipata 11. Nilimwomba asubiri, nikafumua upindo mzima mbele yake, na nikaikuta imelala ndani ya mkunjo, upande wa nyuma, pale mtoto anapokalia.