Maswali ya Wasomaji: Kwenda Ufaransa Kujifunza Kifaransa

SWALI: Naongoza watalii Arusha. Masika kazi hupungua, na nimeweka akiba ya kwenda Ufaransa wiki 8, Aprili na Mei, nikae na familia na kusoma Kifaransa. Kwa sasa najua salamu na kuhesabu tu. Niende Paris au mji mdogo? – Msomaji, Arusha

JIBU: Nenda mji mdogo, ila usiende na salamu peke yake. Anayefika bila msingi hukaa mezani akitabasamu tu, na wenyeji kwa kumhurumia humgeuzia Kiingereza. Kwa makadirio ya Alliance Française, mtandao wa vituo vya kufundisha Kifaransa, ngazi ya A1, ya mwanzo kabisa, huchukua saa 60 hadi 100, na hadi kumaliza A2, inayofuata, ni saa 160 hadi 200 kwa jumla. Saa hizo zimalizie huku nyumbani, ambako hulipii chumba wala nauli ya ndege.

Sasa piga hesabu ya huko. Kozi nyingi zina vipindi 20 kwa wiki. Kipindi kikiwa cha dakika 45, wiki 8 ni saa 120. Kikiwa cha dakika 60, ni saa 160. Uliza kabla ya kulipa. Uliza pia kuhusu sikukuu, maana Mei ya Ufaransa ina nyingi: tarehe 1, tarehe 8, na mara nyingi Alhamisi ya Kupaa. Vipindi vya siku hizo vinafidiwa au vinapotea?

Kutoka A2 hadi B1, ngazi ya kuanza kujitegemea kwenye mazungumzo, huhitaji takriban saa 200. Darasa peke yake, basi, halikufikishi; pengo hilo hujazwa na meza ya chakula cha jioni. Ndiyo maana makazi yana uzito kuliko jina la shule. Kwenye fomu andika wazi kwamba unataka familia isiyompangisha mwanafunzi mwingine anayezungumza Kiingereza au Kiswahili. Hapo ndipo safari nyingi huharibika: wanafunzi wawili nyumba moja, na jioni zote zinaisha kwa Kiingereza.

Vichy ni mfano mzuri. Chuo cha CAVILAM kinafundisha wageni hapo tangu 1964, na mji ni mdogo kiasi kwamba muuza mkate atakuzoea. Treni ya kutoka Paris huchukua kama saa 3 na huondokea stesheni ya Bercy, si Gare de Lyon iliyo jirani yake, wageni huzichanganya. Popote utakapochagua, tafuta shule yenye alama ya ubora ya serikali, Label Qualité FLE.

Wiki 8 hazizidi siku 90, kwa hiyo viza fupi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, inatosha. Ada ni yuro 90, na bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Barua ya shule itaje tarehe, idadi ya vipindi na makazi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, lakini usingoje hizo za mwisho. Ambatisha barua ya mwajiri inayoonyesha unarudi kazini Juni. Fedha nazo ziwe zimekaa benki miezi kadhaa; zikiingia kwa mkupuo wiki moja kabla, huzua maswali.

SWALI: Mwalimu namwelewa vizuri, lakini Wafaransa wakizungumza wao kwa wao siambulii kitu. Kasoro ni ya masikio yangu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Masikio yako ni mazima. Darasani unasikia «je ne sais pas» (sijui). Mtaani inakuwa «chais pas». «Il y a» (kuna) hubaki «ya», na «nous» (sisi) humezwa na «on». Jifunze sura hizo za mtaani kama maneno kamili. Dukani nako, ukishaomba mkate, muuzaji atasema «Et avec ceci ?» Wengi hudhani wamekosea, kumbe anauliza kama unataka kingine. Jibu: «Ce sera tout, merci» (ni hayo tu, asante). Na usiombe lolote kabla ya «bonjour», hata kama foleni ni ndefu.

Lipo pia suala la irabu. Kiswahili kina tano tu, na ile ya «rue» haimo. Kunja midomo kama unayesema «u», kisha ndani ya midomo hiyo tamka «i». Irabu hiyo ina kazi kubwa: «dessus» ni juu, «dessous» ni chini. Kwa zoezi la kila siku, sikiliza kwanza habari za RFI Kiswahili, idhaa ya redio ya kimataifa ya Ufaransa, kisha Journal en français facile (habari kwa Kifaransa rahisi) ya RFI hiyohiyo, ambayo ni dakika 10 na ina maandishi yake. Habari kubwa zikifanana, utakuwa umeshajua kinachosemwa, na sikio litabaki na kazi ya sauti tu.

SWALI: Bujumbura ni karibu na nafuu. Haitoshi? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Kifaransa kipo maofisini na mashuleni, lakini sokoni ni Kirundi na Kiswahili, na wakisikia lafudhi yako watakujibu kwa Kiswahili. Itakufaa ukipata nyumba ambayo chakula cha jioni huliwa kwa Kifaransa. Hakikisha hilo kwa simu kabla ya kufunga mizigo: piga saa ya chakula, usikilize kinachozungumzwa nyuma ya anayekujibu.