Ibada ina wenyewe

Mhariri, mmetuuliza wasomaji: kundi lililo katika safari ya misheni nchi nyingine likialikwa kuabudu na kanisa la kijijini, lijiandae vipi? Jibu langu ni kwamba lijiandae kuwa mgeni. Ibada ile ilikuwapo Jumapili iliyopita na itakuwapo Jumapili ijayo. Ina mchungaji wake, wazee wake, ratiba yake na kwaya iliyofanya mazoezi wiki nzima. Mambo huharibika pale wageni wanapoigeuza kuwa mkutano wao.

Kiongozi wa kundi akutane na mchungaji siku mbili tatu kabla, na mkalimani awepo. Aulize mambo mahususi: wageni wamepewa dakika ngapi, nani anaruhusiwa kupanda madhabahuni, viatu vinavuliwa mlangoni au la, kina mama hufunika kichwa, wanaume na wanawake hukaa pamoja au mbalimbali. Swali la "mngependa tufanye nini?" halisaidii, kwa kuwa mwenyeji mwenye adabu atajibu "lolote tu". Hapohapo aulize sheria ya nchi. Kwa mfano, katiba ya Nepal ya mwaka 2015, ibara ya 26, inakataza kumgeuza mtu dini, na anayebaki kujibu mbele ya serikali ni mchungaji wa pale, wageni wakiwa wameshapanda ndege.

Mahubiri ndiyo yanayohitaji kazi kubwa. Yakifasiriwa sentensi kwa sentensi, muda unakuwa maradufu: ukipewa dakika 30, andaa za 15. Mpe mkalimani muhtasari na orodha ya maandiko jana yake, na mlinganishe Biblia zenu, kwa sababu hesabu za sura hazifanani kila mahali. Zaburi ya 23 ni ya 22 katika Biblia zinazofuata hesabu ya Kigiriki. Yoeli ina sura 3 au 4, Malaki 4 au 3, kutegemea toleo. Asipojua hili, mkalimani atapekua kurasa huku kanisa zima likingoja, kisha atakisia.

Sema wazo moja kamili, nyamaza, mwache amalize. Ukikata sentensi katikati hawezi kuifasiri, maana lugha nyingi huweka kitenzi mwishoni au huhitaji kujua mtendaji kwanza. Acha methali za kwenu, vichekesho, na vifupisho vya herufi: pointi tatu zinazoanza na herufi moja hazitabaki hivyo zikifika upande wa pili. Tazama waumini, usimtazame mkalimani. Naye apewe maji na, ikiwezekana, mwenzake wa kumpokea. Wakalimani wa mikutano ya kimataifa hupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, sembuse mwalimu wa Jumapili aliyesimama tangu asubuhi. Asipopatikana mkalimani kabisa, msihubiri. Paulo aliwaambia Wakorintho walionena kwa lugha kwamba asipokuwapo wa kufasiri, mtu na anyamaze kanisani (1 Wakorintho 14:28), na sioni kwa nini mgeni awe na ruhusa zaidi.

Wito wa kuokoka, kama mchungaji ameuridhia, auongoze yeye mwenyewe. Mgeni akiomba mikono iinuliwe, wengi watainua kwa heshima tu, au kwa kutoelewa kilichofasiriwa, wakiwamo waliobatizwa zamani. Kuipeleka hesabu hiyo nyumbani kama idadi ya waliookoka si kweli, na ni kumdhulumu mchungaji aliyewalea watu hao kwa miaka.

Katika maombi ya wagonjwa nasisitiza kwa nguvu zangu zote: asitokee mtu wa kundi akamwambia mgonjwa aache dawa. Dozi ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Anayeikatisha akijiona nafuu huweza kurudiwa na ugonjwa uliogeuka sugu kwa dawa, na kuambukiza walioketi naye benchi moja. Wa kifafa na wa kisukari cha sindano wanaweza kufa. Ombeeni uponyaji kwa imani yote, na mgonjwa aendelee na kliniki.

Meza ya Bwana ina utaratibu wa kila dhehebu, kwa hiyo ulizeni mapema. Makanisa ya Kiorthodoksi huwashirikisha Waorthodoksi tu. Kanisa Katoliki, kwa kawaida, Wakatoliki, nao hufunga saa moja kabla ya kupokea. Mkiambiwa mbaki vitini, bakini kwa amani. Nanyi mkikaribishwa, tazameni kwanza wenyeji wanavyofanya: kikombe kimoja au vikombe vidogo, kupiga magoti au kusimama.

Sadaka itolewe kwa fedha ya nchi ile, kwa noti ndogo zilizobadilishwa mapema, katika kapu lile lile la wote. Noti kubwa ikipeperushwa mbele ya mjane mwenye sarafu inaharibu ibada yake. Zawadi kubwa ipelekwe baada ya ibada kwa mtunza hazina, wazee wawili wakishuhudia, kwa stakabadhi. Ikiwekwa mkononi mwa mchungaji peke yake itamletea maneno hata akiwa mwaminifu. Tena msiahidi bati, Biblia wala kisima kutoka mimbarini. Ahadi ya mimbarini huchukuliwa kuwa neno la kanisa, na isipotimia mchungaji ndiye atakayeulizwa kila Jumapili.

Kuhusu picha, mtu mmoja apige kwa ruhusa ya wazee, si wakati wa sala, na watoto wasipigwe bila idhini ya wazazi. Viti vya mbele mkipewa, kaeni, lakini msiruhusu mzee wa kijiji ainuliwe kwa ajili yenu; Yakobo 2 inasema wazi juu ya hilo. Dereva naye aambiwe asubuhi kwamba gari haliondoki hadi angalau saa moja baada ya ibada, kwa sababu kusalimiana na watu wote nje ya mlango huchukua muda huo.